Kununua na kuuza pikipiki iliyotumika: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali haya ndio yale yale yanayorudi kila mtu anapotaka kuvuta pikipiki mkononi kwa mtu au kuachia ya kwake. Sehemu za karatasi na injini ni ndefu kuliko zingine kwa sababu huko ndiko watu wanakopigwa.

Kilomita ngapi ndio nyingi?

Hakuna namba moja, na kwa kweli mita ndio kitu cha mwisho kukiamini. Pikipiki nyingi mita yake inaendeshwa na kebo inayotoka gurudumu la mbele, mtu akiichomoa anatembea mwaka mzima na namba zimesimama pale pale. Hizi za dijito nazo dashibodi nzima inang'olewa inawekwa ya pikipiki nyingine iliyokufa. Angalia vitu ambavyo muuzaji hakumbuki kuvibadilisha: raba za kukanyagia, pedeli ya breki ilivyolika, gripu za mikononi, tundu la ufunguo, siti. Mita inasema 8,000 afu raba ya gia imeisha mpaka chuma kinang'aa, hapo hata usiulize mengi.

Cha maana zaidi ni imetunzwaje. Injini ndogo ya 125cc iliyobadilishiwa oili kwa wakati inakwenda makumi ya maelfu ya kilomita bila kufunguliwa, na nyingine ya juzi tu iliyokimbizwa na oili chini ya kiwango inaua pistoni mapema sana. Kwahiyo muulize oili anabadilisha lini na anaweka ipi. Anayejua atakujibu bila kufikiri, asiyejua ataanza kukuambia pikipiki haina tatizo lolote.

Nikifika kwa muuzaji naanza na nini?

Weka mkono karibu na injini kabla hata hamjasalimiana vizuri (usishike ekzosi, utaungua). Unataka injini ya baridi. Ukiikuta ya moto na ulimwambia unakuja, uwezekano mkubwa ameiwasha kabla ili usione inavyosumbua asubuhi. Injini ikishapata moto inaficha mengi, mlio wa baridi hausikiki, moshi wa kwanza umeshatoka, na hata inayowaka kwa shida inawaka kwa kiki moja. Mwambie kistaarabu utarudi ikipoa, au kaeni mpige stori saa moja huku mnaangalia karatasi. Muuzaji mkweli hana shida na hilo.

Ikiwa baridi, washa mwenyewe, sio yeye. Kama ina kabureta ni kawaida kuhitaji choki kidogo, kama ni ya injeksheni inatakiwa iwake yenyewe bila kuzungushwa resi. Usikilize sailensa (injini ikiwa imewaka bila kuvutwa resi) inavyotulia. Inayozimika kila ukiachia resi inaweza kuwa kitu kidogo kama jeti ya kabureta kuziba, au ikawa kubwa kama valvu zisizofunga, na hapo hapo huwezi kujua ni ipi, kwahiyo kwenye kuongea bei ihesabu kama kubwa.

Karatasi gani lazima nizione?

Kadi ya usajili yenyewe, sio picha kwenye simu wala kopi. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako. Kama sio yake, anayeuza awe na mwenye mali pale pale au maandishi yanayoeleweka. Zile stori za "niliinunua kwa jamaa sikuwahi kubadilisha jina" zipo nyingi na nyingine ni za kweli kabisa, ila tatizo lake sasa linakuwa lako, maana jamaa akihama au akifariki utahangaika kumpata mwenye jina.

Afu ushuke chini uangalie namba. Namba ya fremu kwa kawaida imegongwa kwenye shingo pale usukani unapoingilia, upande wa kulia mara nyingi, na namba ya injini iko kwenye mwili wa injini chini. Zote mbili zisome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Pikipiki nyingi za kuanzia miaka ya 1980 zina namba ya fremu yenye herufi na tarakimu 17, na ndani yake haziwekwi kamwe herufi I, O wala Q kwa sababu zinachanganyika na 1 na 0. Ukikuta namba ya 17 ina herufi O, kuna mtu amegonga mwenyewe. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi, hizo usiogope, la msingi ilingane na kadi.

Angalia pia namba imekaaje. Za kiwandani zina mpangilio na kina kinacholingana. Ukiona sehemu imekwanguliwa, rangi mpya imepakwa hapo tu, au alama za kuchomelea zimezunguka namba, we shukuru kwa muda wake na uondoke. Injini iliyobadilishwa sio dhambi, watu wanabadilisha injini, lakini lazima mabadiliko yawe yameandikishwa na risiti ya hiyo injini ionekane.

La mwisho kwenye karatasi ni deni. Pikipiki nyingi zimenunuliwa kwa mkopo na nyingine ndio dhamana ya mkopo mwingine kabisa, na mkopeshaji hajali kwamba we ulilipa keshi. Hakikisha kwenye mamlaka inayosajili vyombo vya moto kama kuna zuio au faini ambazo hazijalipwa, na fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Moshi wa rangi gani ni mbaya?

Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka mfululizo ukivuta resi ni ringi za pistoni au silinda imelika. Ukitoka pumzi moja tu pale inapowaka au ukirudisha resi baada ya kushuka mlima, mara nyingi ni sili za valvu, ambazo ni nafuu kidogo. Mweusi ni mafuta kuzidi kiasi kwa hewa inayoingia, kisafisha hewa kimejaa vumbi au kabureta haijasetiwa, hii sio ya kukukimbiza. Mweupe mwepesi asubuhi yenye baridi ni mvuke tu na unaisha. Mweupe usioisha kwenye injini inayopozwa kwa maji, hapo maji yanaingia ndani na gasketi ya silinda hedi ina kesi.

Haya ni ya injini za stroku nne. Za stroku mbili zinaunguza oili kwa makusudi kwahiyo moshi wa bluu kwao ni kawaida.

Fungua na kifuniko cha oili. Rangi ya maziwa inamaanisha maji yamechanganyika humo, inaweza kuwa ni unyevu wa pikipiki inayotembea safari fupi fupi au ilizama kwenye mafuriko. Chembe za chuma zinazong'aa ni habari mbaya kila mahali. Na oili mpya kabisa, safi kama asali, nayo iulizie, kuna watu wanaweka oili nzito siku ya kuuza ili injini inyamaze.

Injini inagonga gonga, ni kawaida?

Inategemea ni mlio gani. Tiki tiki nyepesi ya tapeti (kinafasi cha kwenye valvu) juu kwenye hedi ni kawaida kwa injini nyingi zinazopozwa kwa hewa, na nikuambie kitu ambacho wanunuzi wengi hawajui, injini iliyo kimya kabisa juu huku inasumbua kuwaka ikiwa moto inaweza kuwa na valvu zilizobana, na valvu iliyobana inaungua. Afadhali inayolia kidogo.

Mlio wa kukwaruza kama mnyororo unaoburuzwa upande wa silinda ni cheni ya taimingi (ya ndani ya injini, inayoendesha valvu) imelegea au kitensheni chake kimechoka. Hapa watu wanadanganyana sana, kwa sababu kuna injini hazina hiyo cheni kabisa. Honda CG125 iliyotoka 1976 inatumia fito za kusukuma valvu na gia, na injini nyingi za Kichina za 125 na 150cc zimetokana na mchoro huo, kwahiyo fundi akikuambia injini ya aina hiyo inalia cheni ya taimingi ujue humo hamna cheni, tafuta fundi mwingine. Mlio mzito wa chini, dug dug unaoongezeka ukivuta resi, ni konektingi rodi au beringi za krenki. Hiyo ni injini ya kushushwa yote.

Nitajuaje kama ilipata ajali?

Pikipiki ikianguka inaacha ushahidi kwenye ncha. Angalia mwisho wa mikono ya klachi na breki, ncha za usukani, vikanyagio, pembe za injini, ekzosi. Mkwaruzo wa upande mmoja tu ikiwa imesimama ikaanguka sio kitu. Ninachokiogopa ni ajali ya mbele. Simama nyuma yake mita chache, chuchumaa, tazama kama gurudumu la mbele na la nyuma yako mstari mmoja. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kuna kizuizi cha chuma hapo chini kwenye shingo, kikiwa kimepinda au kimevunjika basi usukani ulipigwa kwa nguvu. Pitisha mkono chini ya tangi kwenye fremu kutafuta mikunjo ya rangi au welding isiyo ya kiwandani.

Rangi mpya kwenye pikipiki nzima kwa ajili ya kuuza mi binafsi hainifurahishi. Rangi ya zamani yenye mikwaruzo inasema ukweli.

Cheni, tairi, breki na shokapu je?

Hizi hazikukatazi kununua, zinakupa sababu ya kupunguziwa. Cheni ivute kwa nyuma pale katikati ya spoketi kubwa, ikiinuka mpaka ukaona nusu ya jino imeisha, na meno ya spoketi yakiwa yamelala kama ndoano unabadilisha seti yote, cheni mpya kwenye spoketi mbovu inaisha haraka.

Tairi lina namba nne ndani ya duara la yai ubavuni, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri lakini ni la zamani limekakamaa, na hilo kwenye barabara yenye maji halishiki. Diski ya breki nayo ina kipimo cha chini kimeandikwa juu yake, ukikuta ukingo umebaki juu kama sahani ujue imelika. Shokapu za mbele zikandamize mara kadhaa afu pitisha kidole kwenye bomba, ukitoka na oili sili zimekufa. Kwenye beringi za usukani, inua gurudumu la mbele hewani na uzungushe taratibu, ukihisi kamshtuko pale katikati zimechimbika.

Na umeme?

Washa kila kitu kwa pamoja, taa, indiketa, honi, taa ya breki ya mkono na ya mguu. Ukiwa na mita ya umeme, betri ya volti 12 iliyopumzika isome karibu 12.6, na ukivuta resi ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda chaji haiendi, na kosa mara nyingi liko kwenye koili za chaji au regulata (kidhibiti cha chaji). Ikipita 15 regulata imekufa na betri mpya utaipika ndani ya muda mfupi. Angalia nyaya chini ya siti, zikiwa zimeungwa ungwa kwa nailoni na gundi kila mahali, kuna siku utaisukuma usiku. Kwa zenye injeksheni taa ya injini iwake ukifungua swichi afu izime, isipowaka kabisa balbu imekufa au kuna mtu kaitoa.

Ya mtu aliyeiegesha miaka ni dili au mtego?

Mara nyingi bei yake inavutia na kilomita ni chache kweli, lakini kukaa nako kunaua. Petroli ikikaa miezi inageuka gundi na kuziba jeti, tangi linaota kutu ndani (mulika na tochi), betri inakufa, sili za raba zinakauka na zinaanza kuvuja wiki ya pili baada ya kuanza kuitumia. Kama haiwaki pale ulipoiona, inunue kwa bei ya pikipiki isiyowaka. Usikubali ile ya "ni plagi tu". Ingekuwa plagi tu angeshaibadilisha akauza kwa bei nzuri.

Nikiijaribu barabarani naangalia nini?

Vaa helmeti, hakikisha ina bima, afu tafuta barabara isiyo na fujo. Weka gia ya juu kwenye mwendo mdogo na uvute resi ghafla, injini ikipanda kelele bila pikipiki kuongeza mwendo klachi inateleza. Panda na ushuke gia zote, iangalie hasa ya pili kama inaruka kurudi nyutro ukivuta. Sehemu tambarare legeza mikono kidogo uone kama inavuta upande. Piga breki kwa nguvu ya wastani, mkono ukihisi kutetema diski imepinda. Ukirudi usiizime, iache sailensa dakika kumi uone kama inapata moto kupita kiasi au inabadilisha mlio. Afu izime na uwashe tena ikiwa moto.

Lazima niende na fundi?

Kama hujawahi kumiliki pikipiki, ndio, na awe fundi wako uliyemlipa wewe, sio fundi ambaye muuzaji anamjua. Asiyejuana na muuzaji hana sababu ya kukushawishi ununue. Umlipe hata usiponunua, vinginevyo atataka ununue ili apate chake.

Nimeona tangazo la bei ndogo ajabu, muuzaji anasema yuko safarini nitume kishika nafasi?

Hapana. Huyo hana pikipiki. Anachukua picha za tangazo la mtu mwingine, anaweka bei ya kukupagawisha afu kila siku kuna mteja mwingine anataka kuja kuichukua jioni. Mwombe video fupi ya sasa hivi akionyesha namba ya fremu huku injini inawaka kutoka baridi, utaona anavyokasirika.

Tunapatanaje bei bila kugombana?

Kagua kwanza, taja bei baadaye. Orodhesha matengenezo kwa sauti ya kawaida, tairi hili, seti ya cheni, sili za shokapu, na gharama zake halisi ambazo umeziulizia kwenye maduka ya spea kabla ya kwenda, afu toa hapo. Mtu hawezi kubishana na bei ya tairi. Ukianza kuidharau pikipiki yake anafunga, hata kama una haki. Spea zenyewe zihesabu kabla ya yote, modeli ambayo spea zake hadi ziagizwe nje inatakiwa iwe rahisi sana ndio ilipe.

Upande wa kuuza: nitengeneze kwanza au niuze ilivyo?

Vitu vidogo vinavyoonekana tengeneza, balbu, kioo, betri, mkono wa breki uliopinda, kwa sababu mnunuzi akiona indiketa haiwaki anaanza kuwaza na ndani kukoje. Vitu vikubwa kama oveholi usifanye kwa ajili ya kuuza, pesa hiyo hairudi na mnunuzi mwenyewe ataogopa injini iliyofunguliwa juzi. Ioshe vizuri ila usipige dizeli wala oili kwenye injini kung'arisha, wanaojua wataamini unaficha uvujaji. Na ubovu uliopo useme kwenye tangazo lenyewe. Utapokea simu chache, lakini wanaokuja wanakuja kununua, hawaji kukusumbua mlangoni wakijifanya wamegundua kitu.

Picha piga mchana, pande zote, mita, tairi, na ile sehemu iliyokwaruzwa. Kadi usiiweke yote hadharani na namba zako zote zikionekana, kuna watu wanatengeneza kadi feki kwa hizo picha.

Mteja anataka kuijaribu peke yake, nimpe?

Mpe akishaacha pesa yote mkononi mwako au kwa mtu mnayemwamini wote. Kitambulisho hakitoshi, vitambulisho feki viko tele, na funguo za gari alilokuja nalo pia, gari linaweza lisiwe lake. Kama hana pesa hapo, panda nyuma yake. Asiyekubali hata hilo hakuja kununua.

Nikishalipwa kazi imeisha?

Hapana, na hili ndio wauzaji wanaliacha kila siku. Mkataba wa mauziano uandikwe wenye majina, namba za vitambulisho, namba za fremu na injini, bei, tarehe na SAA ya makabidhiano, mashahidi wawili wasaini. Saa ina maana kwa sababu faini ya saa nne asubuhi na ajali ya saa kumi jioni zinatakiwa zijulikane ni za nani. Afu nendeni pamoja kuhamisha umiliki, siku hiyo hiyo ikiwezekana, usimwachie mnunuzi kadi yenye jina lako kwa ahadi kwamba ataenda wiki ijayo. Akiua mtu barabarani, jina litakalotafutwa kwanza ni lako.

Malipo thibitisha kwa kuangalia salio lako mwenyewe, sio meseji aliyokuonyesha kwenye simu yake, wala meseji iliyoingia kwako kutoka namba ya mtu binafsi.

Anataka kulipa kidogo kidogo, nikubali?

Mi nisingekubali, labda awe ndugu ambaye hata ukimdai mtaendelea kula pamoja. Ukikubali, kadi na ufunguo wa pili vibaki kwako mpaka mwisho, na mkataba useme wazi akishindwa kinarudi nini na kwa nani.

Nimeshainunua, wiki ya kwanza nifanye nini?

Badilisha oili na kichujio chake hata kama muuzaji amekuapia ameibadilisha jana, maana hujui aliweka ipi. Plagi itoe uisome, ya rangi ya kahawia nyepesi injini iko sawa, nyeusi yenye ukoko wa oili irudishe kumbukumbu kwenye lile suala la ringi. Safisha kisafisha hewa, pima tapeti ikiwa baridi, badilisha oili ya breki kama imekuwa nyeusi, kaza nati zote za magurudumu na injini. Badilisha na kitasa cha swichi kama ulipewa ufunguo mmoja tu, kwa sababu wa pili uko mahali fulani kwa mtu fulani.